Mti Uliochumwa Pande Zote

Sogeeni, na anayetafuna muwa auweke chini. Hukumu haitolewi na mdomo uliojaa.

Mbonea alikuwa na pua: msituni aliunusa mti-donda, mti wa kuponya madonda, kabla hajauona. Zainu alikuwa na elimu ya maabara. Kupaza, maskini, alikuwa na mguu tu, wenye donda ndugu lililoshinda sindano zote.

Mbonea alichuma majani. Kwao mchuma dawa huchuma upande linakochomoza jua, basi. Upande wa pili ni wa mgonjwa ajaye, usiyemjua.

Zainu aliyaloweka majani katika spiriti, akayachuja, akavidondoshea vijidudu vya donda. Vikafa.

"Dada Mbonea, hayatoshi. Lete mengine."

"Upande wangu umekwisha."

"Kwani mti una upande mmoja? Donda la Kupaza lisubiri mila zenu?"

Kupaza alitoa mguu ujaribiwe. Dawa ilimuunguza hadi akang'ata kanga ya mkewe, lakini nyama ikaanza kufunga. Ndipo akabeba panga, akachechemea nyuma ya Mbonea hadi msituni. Mbonea akauchuma upande wa pili; matawi ya juu aliyakata Kupaza.

Mti ukakauka. Wakatafuta mwingine mabonde yote, wapi! Ikabaki chupa moja ya dawa.

Ndipo Makihiyo, mdogo wake Mbonea, alipoletwa amebebwa. Donda ndugu. Hospitali ilikuwa imeshaamua kuukata mguu.

Watatu wakaketi, chupa katikati, hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Ni mdogo wangu," alisema Mbonea. "Majani niliyoyamaliza yalikuwa yake."

"Ikiisha hii," Zainu akasema, "sitajua kamwe ni kitu gani ndani yake kinachoponya. Wenye madonda wote wamekosa. Na mimi ndiye niliyesema hayatoshi."

Kupaza akaufunika mguu kwa shuka. "Langu halijafunga. Nikiacha sasa, litarudi palepale."

"Wewe si ndiye uliyekata matawi!"

"Na ngazi alinishikia nani, Mbonea?"

Makihiyo hakujua habari za matawi. Kutoka mkekani aliwaambia, "Mungu awalipe. Mmehangaika sana kwa ajili yetu." Wote watatu wakainamisha vichwa.

Msiniambie igawanywe, nusu chupa haiponyi hata mguu mmoja. Dawa isingepatikana bila yeyote kati yao, na mti usingekufa bila yeyote kati yao. Haya, chupa iko mkononi mwako, na Makihiyo anakutazama. Ungeumwagia mguu upi, au ungeirudisha maabara? Na huyo utakayemnyima, ungemwambia nini?