Injini Aliyoitupa Masatu

Hapo kwetu ziwani tajiri Masatu aliitupa jalalani injini yake kuukuu ya boti. Bi Nyanjige akaiokota, akaikwangua kutu, akaibadilisha vyuma vilivyooza, akaijaribu kwenye pipa la maji, ikanguruma hadi kuku wakakimbilia jikoni. Masatu akaja na watu.

"Mama, injini yangu naichukua."

"Ichukue, baba. Ila iwashe kwanza, hawa wakuone."

Masatu akavuta kamba mpaka shati likalowa jasho. Injini kimya.

"Vuta kiume, baba, mbona unaibembeleza?"

"Aa, baki na takataka yako."

"Jamani mmesikia? Ni yangu?"

"Yako. Ikakupikie ugali."

Bi Nyanjige akafungua pindo la khanga, akatoa plagi ya injini, akaikaza mahali pake, akavuta mara moja. Injini ikanguruma, Masatu bado anakamua shati.