Lifti Isiyorudi Chini

Kampuni ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la miwani. Cha kwanza kilikuwa na meza tatu, kompyuta tatu na feni iliyogoma kugeuka upande wa dirisha. Katika cha pili alikaa mbunifu peke yake, na humo ndimo yalimotengenezwa majengo yote ya gemu yao.

Gemu yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mchezaji huendesha lifti za jengo refu. Abiria hufika, kila mmoja na ghorofa aendayo, na uvumilivu wao huvuja kama maji katika pakacha. Ukiwachelewesha, hushika ngazi wakinung'unika, nawe umeshindwa. Palikuwa na majengo sitini, yote kazi ya mkono mmoja. Mbunifu alitumia siku tisa kujenga jengo moja. Mchezaji hodari alilimaliza kwa dakika arobaini.

Matokeo ya hesabu hiyo hayakuhitaji msomi. Mwanzoni mwa mwaka gemu ilichezwa na watu elfu thelathini kwa siku. Kufikia mwezi wa sita walibaki elfu nne. Mkurugenzi, ambaye ni dada mkubwa wa mbunifu, aliweka mpaka: wakishuka chini ya elfu tatu, gemu itafungwa na watu wanne wa kampuni hiyo watatafuta kazi kwingine. Alilisema mara moja, kwenye kikao cha Jumatatu, na hakulirudia.

Aliyewajua wachezaji kuliko wote ni shangazi wa ndugu hao wawili. Alikuwa amestaafu ofisi ya simu, na sasa kazi yake ilikuwa kujibu barua za malalamiko. Barua hizo zilifika kwenye kompyuta, lakini yeye alizichapisha zote, kwa kuwa hakuamini barua isiyoshikika. Asubuhi moja aliingia chumba cha mbunifu na bunda kwapani, mkurugenzi akimfuata.

"Mia mbili na kumi na mbili," alisema. "Gemu imewaharibikia. Wote wametumia kile kiprogramu cha magendo cha kujijengea majengo yao."

"Basi wamejitakia," alijibu mbunifu. "Shangazi, mtu akivunja dirisha langu akajikata, nimpeleke hospitali mimi?"

"Watu mia mbili wakipanga foleni dirishani, mwanangu, jiulize mlango una nini."

Mkurugenzi alivuta kiti. "Tufanye hivi. Tuwape zana yako yenyewe, ile unayojengea. Iwe rasmi, isiharibu chochote, na wanachojenga kila mtu aweze kukicheza."

"Watatujazia takataka, dada. Watajenga vibaya, wataandika matusi ukutani, halafu mtu mgeni akifungua atadhani ni kazi yetu."

"Takataka zitakuwepo. Zitachujwa. Lakini wewe unatoa majengo matatu kwa mwezi, na hao wanayala kwa alasiri moja. Una jibu la hilo?"

Mbunifu aligeuza kiti kuelekea kompyuta yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema shangazi, akipanga bunda lake.

"Hao si wageni. Mgeni hubisha hodi."

"Wamebisha miaka miwili. Hodi zao ndizo hizi nimezishika."

Mbunifu alikuwa na hoja nyingine ambayo hakuitaja. Alihofu kwamba mtu asiyemjua angejenga vizuri kuliko yeye, na likishatokea hilo, hakujua yeye angebaki wa nini. Haikuwa hofu ya kijinga. Hakuwa na ufundi mwingine.

Hata hivyo alikubali, maana namba zilikuwa upande wa dada yake.

Zana yenyewe haikuwa imekusudiwa macho ya watu. Mlango uliofunguka kwa kubembelezwa ulikuwa na kitufe kiitwacho Mama Mkwe. Abiria asiyekubali kuchangia lifti aliitwa Bosi. Binti aliyeandika programu za kampuni, mtu wa nne katika ofisi hiyo, alipewa kazi ya kuisafisha, akakwama kwenye kitufe kilichoandikwa Usiguse.

"Nikikigusa?" aliuliza.

"Sijui," alisema mbunifu.

"Si wewe uliyeandika?"

"Nilikuwa na sababu zangu."

Binti alikibonyeza. Taa za jengo zima zikazimika. Alikipa jina jipya, Taa, na kuendelea. Baada ya wiki tano kila kanuni iliyokuwa imefichwa ndani ya gemu ilikuwa na kitufe chake kinachoeleweka: mwendo wa lifti, uzito wa abiria, hata mahali ambapo lifti tupu hungojea.

Katika mwezi wa kwanza wachezaji walileta majengo elfu moja na mia moja. Shangazi aliyapepeta kama mchele. Mia tisa hayakustahili kufunguliwa mara ya pili. Kumi na saba yalikuwa na matusi, akayafuta bila kukunja uso. Alisema kwenye ofisi ya simu alisikia makubwa zaidi. Wachezaji walishuka hadi elfu tatu mia moja na hamsini.

"Nilisema," mbunifu alisema, na kwa takwimu za siku hiyo alikuwa sahihi.

Siku mbili baadaye shangazi alimwekea mezani karatasi moja tu. Iliandikwa hivi: "Mimi ni fundi wa lifti, mwaka wa ishirini na sita kazini. Gemu yenu naipenda ila ina uongo mmoja. Lifti tupu hairudi chini kila mara. Asubuhi watu wakipanda, ingoje chini. Jioni wakishuka, ingoje juu, la sivyo mtawachosha watu. Nimejenga jengo la ghorofa kumi na tisa lifanyalo hivyo. Lijaribuni."

Mbunifu alilifungua akitarajia kulimaliza kabla ya chai. Alishindwa. Akarudia, akashindwa tena. Mara ya saba aliweka mikono mapajani na kutazama kioo cha kompyuta. Mbinu yake ilikuwa kungoja lifti tupu ishuke, kisha kuijaza. Hapa lifti haikushuka. Alifungua majengo yake mwenyewe, la kwanza, la ishirini, la sitini, na kuyapitia kwa mbinu hiyohiyo. Yote yalikubali. Kumbe hakuwa amejenga majengo sitini. Alikuwa amejenga jengo moja mara sitini, na wachezaji walilijua kabla yake.

Alimwendea dada yake. "Jengo la huyu fundi limenishinda mara saba."

"Ni baya?"

"Ni zuri. Yangu ndiyo mabovu."

Mkurugenzi hakumpa pole. "Yote?"

"Yote. Ufunguo wake mmoja. Lakini si lazima kuyabomoa, ni kubadili kanuni moja na kupanga upya abiria. Wiki tatu, nikipata wa kunielekeza."

"Nani?"

Aliweka ile karatasi mezani. "Huyo aliyeandika."

Mbunifu alimpigia fundi simu yeye mwenyewe. Iliyopokea ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nyuma yake mashine ikinguruma.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mjenzi wa gemu ya lifti."

"Marahaba. Ndiye wewe unayerudisha lifti chini?"

"Ndiye."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilidhani tu ndivyo zilivyo."

"Pole, mwanangu. Lile jengo lako la arobaini, ningelikabidhiwa kazini, abiria wangenipiga. Uliza sasa, nina dakika kumi kabla sijaingia kwenye shimo la lifti."

Zilikuwa dakika arobaini, na simu nyingine nane zikafuata. Wiki tatu zikawa nne. Majengo sitini yalipotoka upya, kila moja lilidai akili yake. Wachezaji wa zamani walirejea kuyajaribu, na walipoyamaliza walikuta mengine zaidi ya mia mbili ya wenzao yaliyopita kwenye mchujo. Mwisho wa mwaka walikuwa elfu kumi na moja kwa siku. Hawakufikia elfu thelathini tena, lakini hakuna mtu wa kampuni aliyetafuta kazi kwingine.

Mbunifu sasa hujenga jengo moja kwa mwezi. Siku nyingine hucheza yaliyoletwa na watu asiowajua, na kuyasahihisha. Gemu yake ilikuwa na ugonjwa ambao yeye asingeweza kuuona, kwa sababu ndiye aliyeuzaa. Ulionwa na mtu wa nje, naye asingeingia kama asingefunguliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.