Chumba cha Sahli

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Shamu, vita vya mpakani vilipokwisha, askari wazee walirudi wakakosa pa kukaa. Nyumba zao zilikwisha kuwa na wenyewe wengine. Wakawa wanalala kwenye majivu ya tanuri la hamamu, bafu la watu wote, wakitafuta joto, na watu wale wale ambao askari hao waliwalinda kwa damu yao wakawapita wameziba pua! Imamu wa mji akaona haya mbele ya Mola wake. Siku ya Ijumaa akaiomba kila nyumba imsitiri askari mmoja.

Mzee Huraithi, kilema wa mguu na mwenye kikohozi, alielekezwa kwa Bibi Lubaba, mjane mcha Mungu. Bibi alikuwa na chumba kitupu cha mwanawe Sahli, aliyekwenda vitani miaka kumi na moja nyuma asirudi. Alijibu: "Aje nimwone kwanza."

Wenzake wakamnong'oneza Huraithi: "Atakuuliza kama ulimwona mwanawe. Sema ndiyo. Neno moja tu, nawe utalala kitandani."

Bibi alimpa uji wa moto, akangoja amalize, kisha akauliza: "Ndugu yangu, huko mpakani hukukutana na Sahli wangu? Ana kovu la moto kidevuni."

Huraithi aliikumbuka baridi ya nje. Akainamisha kichwa.

"Hapana, bibi. Wallahi sikumwona. Mungu akulipe kwa uji." Akachukua fimbo yake aondoke.

"Keti," alisema bibi, machozi yakimtoka. "Watatu waliopita hapa kabla yako walisema ndiyo. Wa kwanza ati alimzika, wa pili ati alimwacha ameoa, wa tatu ati alimwona mateka. Niliwalisha, maana mgeni ni mgeni, lakini mlango ule wa chumba chake sikuwafungulia. Wewe hukuniuzia mwanangu kwa godoro. Ingia ulale."

Huraithi aliishi hapo mpaka bibi alipofariki. Na kila msafara ulipowasili kutoka mpakani, alijikokota hadi lango la mji kuuliza: "Jamani, hamkukutana na Sahli, mwenye kovu la moto kidevuni?" Kisha alirudi kumweleza bibi jibu lile lile, bila kulipamba.

Ndugu zangu, mzee yule alisema kweli akijua itamrudisha majivuni, nasi kuisema hutushinda hata pale isipotupunguzia kitu. Mola atujaalie ulimi kama wake, na mlango kama wa bibi yule.