Sahani ya Kwanza ya Bi Damari

Wazee wetu katika imani walisimulia, nasi tumepokea vivyo hivyo, kwamba zamani mto ulifurika ukachukua mahindi yote ya bondeni, ya shambani na ya ghalani. Waliosalimika walipanda kilimani wakajistiri kanisani. Chakula kilichopatikana kikawa ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, kisicholiwa mpaka kikatwekatwe, kilowekwe siku tatu katika maji yapitayo, kisha kichemshwe. Watu wa bondeni walikijua kwa jina tu. Aliyejua kukipika ni mjane wa kilimani, Bi Damari, Mungu amrehemu, naye akakabidhiwa chungu.

Sasa sikilizeni, maana hata mimi nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza lilinikera. Kila asubuhi Bi Damari alijipakulia sahani moja, akaila peke yake nyuma ya jiko, kisha akafunika chungu. Watoto wanalia njaa, yeye ameketi kimya anasali. Hakipakuliwi kitu mpaka jua liwe la utosi. Watu wakanung'unika: mama huyu anashiba kwanza, sisi anatushindisha njaa. Aliyasikia yote, na kesho yake akajipakulia tena.

Siku ya tisa akazidisha. Alikula, akaketi, kisha akainuka akiyumba, akakiburuta kile chungu na kumwaga chakula chote shimoni. Hapo watu walichachamaa, wakataka aondolewe jikoni na kanisani atoke.

Mwalimu Epafra, aliyekuwa akiongoza ibada pale, akawaomba wangoje. Alikuwa mtu wa kupenda kujua, na jambo lile lilimtatiza: mlafi gani anamwaga chakula? Akaenda nyuma ya jiko, akamkuta Bi Damari ameegemea ukuta, anatapika.

"Mama, umekula nini?"

"Nilichotaka kuwapa ninyi, Mwalimu."

Akampa maji. Alipotulia kidogo akaeleza: "Kijito kimejaa tope tangu mafuriko, hakioshi ndiga sawasawa. Kwa macho hujui, wala kwa ulimi hujui. Sumu ikiwamo, mlaji huanza kulewa kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana nala, nangoja."

"Mbona hukusema? Siku tisa unaitwa mlafi."

"Ningesema mngenikataza, au mngeshika zamu ya kuonja. Na humu wengi wana watoto wachanga. Mimi sina anayenitegemea. Basi nikaona heri waniite mlafi."

Mwalimu Epafra aliona haya, kwa kuwa naye moyoni alikuwa amemdhania hivyo hivyo. Akarudi akawaambia watu kila kitu. Siku ile walilala na njaa, na hakuna aliyelalamika.

Bi Damari alipopata nafuu alirudi jikoni. Asubuhi ndiga ilipoiva, akanyoosha mkono kuchukua sahani yake, haikuwapo. Akazunguka nyuma ya jiko. Mwalimu Epafra alikuwa ameketi pale pale alipozoea kuketi yeye, sahani tupu mapajani, anatazama jua.

"Keti, Mama," akamwambia. "Leo tungoje pamoja."

Ndugu zangu, kinachonisumbua mimi ni zile siku tisa. Kanisa zima lilikula kwa mkono wa mama yule, likamsema asubuhi na jioni, na wala hapakutokea mtu wa kumwuliza, "Mama, kwa nini?" Mola atujalie kuuliza kwanza.