Laptopu Iliyolia Kama Mtoto

Ndugu zangu, nani kati yetu hajawahi kusikia sauti nyumbani kwake, akashika pumzi, akatega sikio, asijue inatoka wapi? Naona wengine mnatabasamu. Mnatabasamu kwa sababu tuko wengi hapa na ni mchana. Ukiwa peke yako hutabasamu.

Basi kulikuwa na mke na mume, wapangaji katika nyumba moja yenye ua wa pamoja, huku kwetu nyanda za juu. Mume tumwite Anyosisye, mke tumwite Gwantwa. Gwantwa alikuwa mjamzito. Kabla ya mimba hiyo alishabeba nyingine ikaharibika, na tangu hapo alitembea kama mtu aliyejitwika chungu kwenye njia ya utelezi. Kila hatua aliipima.

Kazi yake ilikuwa kuwachapia watu: barua, taarifa za vikao, kazi za wanachuo. Alikuwa akifanyia kazi hiyo kwenye kibanda cha mtu, mbali kidogo. Daktari alipomwambia apunguze mizunguko, mumewe akamnunulia laptopu mpya ili akae nyumbani. Mnajua kitu kipya kikiingia kwenye nyumba ya kupanga. Ua mzima ulikuja kutazama.

Bibi Subilaga naye akaja. Huyu alikuwa mjane, anaishi chumba cha mwisho karibu na bomba, hana mtoto wala mjukuu wa kumtuma dukani. Alipitisha kiganja chake juu ya ile laptopu taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala, akasema, "Mwanangu Gwantwa, hiki ndicho kitakachokulelea mtoto."

Kila mtu akaitikia, "Amina, bibi." Mlisikia? Waliitikia amina.

Siku chache baadaye, karibu na adhuhuri, Gwantwa alikuwa anachapa, ndipo akasikia. Ilikuwa sauti nyembamba sana, inapanda, inashuka, inakatika kidogo, halafu inaanza tena. Alifikiri ni mtoto wa jirani. Akatoka uani. Hakukuwa na mtoto. Akarudi ndani, akainamisha sikio juu ya mashine, na nywele zikamsimama. Kilio kilikuwa mle ndani. Kilio cha kichanga, cha mbali, kama kimefunikwa na blanketi.

Akashika tumbo lake. Wapendwa, angeshika nini kingine?

Mumewe aliporudi akamweleza. Mwanzoni alicheka, akasema, "Ni mashine tu hiyo, mke wangu. Mashine mpya zina kelele zake." Lakini Jumamosi alishinda nyumbani, akaisikia kwa masikio yake. Akaizima, ikanyamaza. Akaiwasha, ikakaa kimya, wakapumua. Baada ya kazi ya saa nzima hivi, ikaanza upya. Akachomoa chaja, ikaendelea. Akapunguza sauti ya muziki na ya kila kitu mpaka mwisho, ikaendelea. Akaibeba mpaka kwa fundi. Fundi akaiwasha, akasikiliza, akaisogeza kwenye sikio hili na sikio lile, akasema, "Kaka, mbona nzima? Sisikii kitu."

Hapo ndipo hofu ilipoota mizizi. Nyumbani inalia, kwa fundi inanyamaza. Kitu gani hicho kinachojua kiko wapi?

Jirani mmoja, mwanamke aliyekaa mlango wa pili, akamvuta Gwantwa pembeni kwenye kamba ya nguo. "Dada, mimi sitaki maneno," alisema. Na mtu akianza hivyo, mnajua maneno yanakuja. "Umeangalia inalia wakati gani? Si wakati yule bibi anapita dirishani kwako kwenda bombani? Na alisema nini siku ile? Kitakulelea mtoto. Mtoto gani? Huyu wa tumboni, au yule aliyekwishaenda?"

Gwantwa akaanza kuangalia. Na mtu akianza kuangalia huku moyo umeshaamua, ataona. Kweli, adhuhuri bibi alipita na ndoo yake, na kweli mashine ililia. Kesho yake akapita, ikalia. Kesho kutwa vilevile. Usiku ule tumbo likamkaza, naye hakumweleza mumewe kwamba mchana kutwa hakula chochote kwa sababu ya hofu. Alisema tu, "Yule bibi ameanza."

Mimi siwacheki watu hawa. Nawaomba na ninyi msiwacheke. Mwanamke aliyekwisha kuzika tumaini lake mara moja, akasikia kichanga kinalia ndani ya chombo, ungemwambia nini?

Maneno yakazunguka ua kama moshi wa kuni mbichi. Bibi Subilaga akisalimia, watu wana shughuli. Akichota maji, anayefuata anayaacha maji yamwagike kwanza, ndipo akinge ya kwake. Wamama wakimwona anatoka, wanaita watoto ndani. Na kila mlango ulipofungwa, yeye alikohoa kidogo na kuendelea na njia yake, labda akidhani wana haraka.

Siku moja mchana Anyosisye akamsimamisha pale bombani mbele ya wote.

"Bibi, umeingiza nini nyumbani kwangu?"

Ajuza akaweka ndoo chini. "Baba, sijakuelewa."

"Unanielewa. Mke wangu halali. Kile kitu kinalia kama mtoto tangu ulipokigusa. Tumekukosea nini?"

Akawatazama wote, uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata mmoja wa kusema hapana. Hakuna aliyesema. Wengine walikuwa wamelishwa na mikono ile walipougua. Hakuna aliyesema! Jioni ileile mawe mawili matatu yalianguka kwenye bati lake. Asubuhi akafunga godoro kwa kamba, akaenda kijijini kwa mdogo wake wa kiume. Hakuna aliyemsaidia hata kulinyanyua lile godoro.

Je, mashine ilinyamaza?

Adhuhuri ililia kama kawaida.

Bibi hayupo, chumba chake kina kufuli, dirishani hapiti mtu, nayo inalia. Gwantwa aliogopa kuliko siku zote. Akamwambia mumewe, "Irudishe dukani. Leo leo. Sitaki kujifungua na kitu hicho humu ndani."

Anyosisye akamwacha amalizie kuhamisha kazi za watu. Mashine ilikuwa imepata moto, inalia kwelikweli. Yeye akainyanyua kuangalia kama ina mkwaruzo, muuzaji asije akaikataa. Akaigeuza tumbo juu. Akaona ile nailoni, ile ngozi nyembamba ya kiwandani ambayo sisi sote tunaiacha kwenye vitu vyetu ili viendelee kuitwa vipya. Ilikuwa bado imefunika upande wa chini, na pembe yake moja imebanduka, inapepea kwenye vile vitundu vya kuvutia hewa. Akaibandua, ili isionekane imechakaa.

Kilio kikakatika mkononi mwake.

Akairudisha ile nailoni kwa kidole. Kikalia. Akaitoa. Kimya. Akairudisha. Kikalia.

Ndugu zangu, mnakumbuka utotoni tulivyokuwa tukibana jani kati ya vidole gumba na kupuliza? Ndiyo hiyo. Mashine ikipata moto, feni ya ndani huvuta hewa kwa nguvu, na ile nailoni ilikuwa jani mdomoni mwake. Kwa fundi haikukaa ikawaka muda wa kupata moto. Na adhuhuri, bibi alipokuwa akienda bombani kama alivyoenda miaka yote, Gwantwa alikuwa amechapa tangu asubuhi. Basi. Hapakuwa na kingine.

Anyosisye alikaa sakafuni na kile kipande cha nailoni mkononi. Mkewe alimtazama. Alifunika uso kwa khanga.

Sasa mimi ningependa kuishia hapa. Ningewaambia wakamfuata bibi, wakaomba radhi, wakarudi naye wanaimba. Na kweli walimfuata. Walichelewa kidogo, kwa aibu, na kwa sababu Gwantwa alijifungua. Mtoto wa kike, mzima, mapafu yake kama tarumbeta. Gwantwa alipopata nguvu wakambeba mtoto mpaka kijijini.

Walimkuta Bibi Subilaga amekaa kwenye kigoda mlangoni, peke yake. Wakapiga magoti wote wawili. Anyosisye akasema, "Bibi, tumekukosea. Ilikuwa nailoni. Nailoni tu, bibi."

"Nimesikia, baba. Niliwasamehe siku ileile njiani. Simameni, mtajichafua."

Gwantwa akalia, akamnyooshea mtoto. "Mpokee mjukuu wako, bibi. Mbebe."

Ajuza akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya khanga. Akaificha.

"Hapana, mwanangu. Usinipe."

"Bibi, tumekwambia ilikuwa nailoni!"

"Ile ya mashine, ndiyo. Mmeona wenyewe, mmejua." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayemuuliza daktari. "Lakini hapa ng'ombe wa mdogo wangu amekufa tangu nije. Mtoto wa jirani amepata degedege. Nami nimeanza kufikiri. Watu wote wale, watu wazima, wenye akili, wanaonijua, na hakuna hata mmoja aliyesema si kweli. Hebu niambie, mwanangu, usinifiche. Inawezekana mtu akawa na uchawi bila yeye mwenyewe kujua?"

Mnasikia alichouliza?

Walitoa sauti kwenye mashine, wakaenda kuiweka ndani ya mtu. Mashine imepona. Inachapa barua mpaka leo, kimya. Lakini yule bibi anatazama mikono yake mwenyewe kama mtu anayetazama nyoka.

Wapendwa, sisi tukiogopa huwa tunauliza swali gani kwanza? Tunauliza "nani". Mtoto ameugua: nani? Biashara imelala: nani? Chombo kimelia: nani? Swali la "nini" lilikuwa chini ya ile laptopu, upana wa kiganja. Lilihitaji mtu kugeuza kitu tu akatazama. Hatukugeuza. Tuligeukia jirani, kwa sababu kumtazama kikongwe ni rahisi kuliko kuitazama hofu yetu.

Na msiniambie, "Mimi sikurusha jiwe." Najua. Walioangusha mawe walikuwa wachache. Yule bibi hakuvunjwa na mawe. Alivunjwa pale bombani, alipopita uso baada ya uso akitafuta mmoja wa kusema hapana. Wewe ulikuwa umeshika ndoo yako, unangoja zamu. Ulijua moyoni kwamba si kweli. Ukanyamaza, ukaogopa wasikugeukie wewe. Unafikiri ukimya wako haukusikika?

Hofu si dhambi. Mungu anamjua Gwantwa na machozi yake. Lakini hofu tuliyokataa kuichunguza hutafuta mwili wa kukaa, na mara nyingi hukaa kwa mtu asiye na wa kumtetea.

Tukitoka hapa leo, kila mmoja anamjua wa kwake. Yule ambaye wakipita mlangoni kwake wanavuta watoto. Usimpelekee sukari. Usimpelekee maneno matamu. Mpelekee mtoto wako, mwombe ambebe. Naye akificha mikono, usiondoke. Kaa pale mlangoni. Kaa mpaka aitoe.