Nusu Ndevu za Semkiwa

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Bibi Nuru alilitamka neno hilo siku mjukuu wake, fundi cherehani wa kutegemewa, alipojishonea suruali isiyopita magotini. Vijana waliokuwapo walicheka kwanza, kisha wakataka kujua: huyo kinyozi alikuwa nani, na alijikatia nini? Bibi akanyoosha miguu mkekani. Chanzo chake, akasema, ni hiki.

Palikuwa na kinyozi kijana, Semkiwa, katika mji mdogo chini ya milima, wenye soko, msikiti na maneno mengi. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Mzee aliweza kusinzia kitini pake, akaamka upara unang'aa, akauliza kazi itaanza lini.

Semkiwa alimposa binti mmoja wa hapo, Zaituni. Wazee wa Zaituni hawakuwa na neno, ila shangazi yake, Bi Mwantumu, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote.

"Sitoi mtoto kwa mtu wa wembe ambaye sijauona mkono wake," alisema. "Aje Ijumaa amnyoe Baba mbele yetu. Baba asipotoka damu, mahari tutapokea. Akitoka damu, kijana ataoneshwa njia aliyojia."

Baba mwenyewe, yaani babu yake Zaituni, hakuulizwa.

Semkiwa hakuogopa. Kilichomkosesha usingizi ni ndevu zake. Kwa desturi ya mji ule, vinyozi walinyoana wao kwa wao. Yeye alinyolewa na rafiki yake Shekue, mwenye kibanda upande wa pili wa soko, wala hakulipa kitu. Lakini kinyozi akinyolewa, ilimpasa amnunulie kahawa kila aliyekaa kwenye benchi la kibanda, na zikiwa ndevu za posa, kahawa pamoja na kashata. Na benchi la Shekue, likinusa posa tu, lilikuwa linazaa watu. Semkiwa alikwisha kukung'uta mifuko kwa mahari, kanzu, na kitanda ambacho mguu wake mmoja ulikuwa bado uko kwa seremala.

"Watu wazima wanywe kahawa kwa kidevu changu?" alijiambia. "Kwani mimi kila siku nanyoa nini, mahindi?"

Ijumaa asubuhi akajifungia ndani. Akasugua kipande cha sabuni ya mche kwenye kifuu mpaka povu likapanda, akaunoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, akaegemeza kioo kwenye mtungi. Shavu la kulia likaenda kama maji. Akajipongeza. Alipovuka kwenda la kushoto, mambo yakageuka. Mkono wake ulizoea kumtazama mteja uso kwa uso, sasa ukamwona yule wa kwenye kioo ndiye mteja. Akitaka kuupeleka wembe sikioni, unakuja puani.

Akaingiwa na wasiwasi. Sasa, kila kinyozi ana dawa ya mteja mwenye wasiwasi, nayo ni soga. Semkiwa, kwa mazoea, akamwambia yule wa kwenye kioo: "Tulia, kaka. Umesikia ya yule bwana aliyemwambia kinyozi, ninyoe kama jana? Kinyozi akasema, jana sikufungua. Bwana akajibu, najua, ndiyo siku mke wangu alinisifu."

Akiwa na mteja, Semkiwa huunyanyua wembe kabla ya neno la mwisho, maana anajua kicheko kinakuja. Safari hii mwenye wembe na mwenye kucheka walikuwa mtu mmoja. Akacheka. Kidevu kikaondoka na kicheko, wembe ukabaki palepale.

Akapaka shabu, lile jiwe la kukausha damu, akaruka mpaka mtungi ukayumba. Akabandika pamba. Akajaribu tena, akaongeza pamba. Wenzake wa kumsindikiza ukweni walipogonga mlango, Shekue akiwemo, walimkuta shavu moja laini, la pili kama shamba lililopaliliwa na mbuzi.

"Nani kakufanyia hivi?" Shekue aliuliza.

"Twendeni, tunachelewa."

Ukweni, Bi Mwantumu hakujibu hata salamu. Aliinama, akaihesabu pamba kwa macho.

"Kijana, nani kakunyoa?"

Semkiwa alipima moyoni. Akisema ni yeye, hakuna atakayempa kichwa cha mzee, na Zaituni ndiyo basi tena. Akisema ni Shekue, posa itapona, lakini hakuna mtu mjini atakayekalia tena kiti cha Shekue. Akamgeukia rafiki yake. Shekue alikuwa anatazama viatu vyake kama mtu aliyekwisha kukubali kubeba mzigo.

"Nimejinyoa mwenyewe, Shangazi."

"Na rafiki yako kinyozi huyu hapa?"

"Nilikuwa nakwepa kuwanunulia watu kahawa."

Nyumba nzima ikacheka, na nyuma ya pazia kikasikika kicheko cha Zaituni. Semkiwa akaukunja wembe, akautia kitambaani, akageukia mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza babu. Alikuwa amekwisha kuvua kofia. "Kichwa kinaniwasha tangu juzi. Na wewe umekataa uongo uliokuwa na faida kwako. Njoo hapa."

"Baba, hebu mtazame uso," alisema Bi Mwantumu.

"Uso ni wake. Mimi nampa kichwa changu."

Semkiwa akanawa, akapaka povu, na mara mkono ukarudi kwa mwenyewe. Wembe ukapita nyuma ya masikio, ukalizunguka kovu la zamani utosini, ukashuka kwenye mikunjo ya kisogo. Babu akaanza kukoroma. Semkiwa alipomaliza, Bi Mwantumu alichukua kitambaa cheupe, akafuta kichwa kizima, akakipeleka kitambaa mwangani. Povu tu.

"Sasa nieleze," alisema. "Kichwa hiki chenye mabonde na vilima hukukikwaruza. Kidevu chako mwenyewe umekichinja. Imekuwaje?"

"Kichwa cha Babu nakiona, Shangazi. Kwenye changu, mimi nilikuwa ndani."

 Bi Mwantumu akamwita Shekue amalizie kidevu kile. Basi mahari ikapokelewa hivyo hivyo, bwana harusi kakaa kwenye kigoda mbele ya wakwe, kidevu juu, watu wakimtania kadiri walivyotaka, naye hana la kujibu, maana wembe ulikuwa kooni.

Zaituni akachungulia. "Shangazi, akishanioa, atakuwa anajinyoa nyumbani?"

"Mwanangu," alisema Bi Mwantumu, "kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata."