Kishingo na Kichwa cha Mjusi

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma mmeitikia kwa uvivu, kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, uani kwa Bi Mwanakheri, paliishi kuku jike akiitwa Kishingo. Aliitwa hivyo kwa sababu shingo yake ilikuwa tupu, haina unyoya hata mmoja. Kishingo alikuwa akiatamia mayai tisa nyuma ya kinu kibovu. Siku kumi na nane zimepita, zimebaki tatu. Hali akashiba, hanywi akatosheka, hatoki akatembea. Aliyapenda mayai yale mpaka akawa anayasemesha.

Asubuhi moja akamsikia Bi Mwanakheri akimwambia jirani, "Leo kaka yangu anakuja!"

Lo! Kuku wote wanajua: mgeni akiingia mlangoni, kuku huingia chunguni. Jogoo, yule wa kutanguliza kifua kila alfajiri, akaanza kukohoa. Kho! Kho! "Mimi mgonjwa," akasema, "nyama yangu ina madhara." Akajitia chini ya tenga, akalala chali.

Kishingo akatega sikio. Kwaru, kwaru, sufuria kubwa inasuguliwa kwa majivu. Chwaa, maji yanamiminwa. Shii, shii, kisu kinanolewa jiweni.

"Maji ya moto ni ya kunyonyolea," akawaza. "Kisu ni cha shingo. Na uani hapa, shingo iliyo tayari ni ya nani?"

Ukutani, karibu na dirisha la jikoni, Mjusi alikuwa akiota jua.

"Kaka Mjusi," Kishingo akamwita, "wewe unaona ndani. Yale maji ni ya kuninyonyolea mimi?"

Mjusi, kichwa chini, kichwa juu. Chini, juu.

"Ole wangu! Na kisu ni changu?"

Chini, juu. Chini, juu.

"Hata na mayai yangu haya yataliwa?"

Chini, juu. Chini, juu.

"Basi nikimbie?"

Hapo Mjusi akazidisha, chini-juu-chini-juu, maana nzi alikuwa amepita.

Kishingo akapiga ukunga. Koo-koo-kokoooo! Akaruka, pu, pu, pu, mpaka juu ya mpera.

Huko juu upepo ukampiga. Akahisi baridi tumboni, pale yalipokuwa mayai. Akashuka tawi moja. Shii, kisu! Akapanda tawi moja. Akashuka. Akapanda. Mnacheka, ee? Ingekuwa shingo yako, ungecheka?

Sasa, ukunga wa kuku ni tangazo. Nguchiro alikuwa upande wa pili wa michongoma, tumbo tupu. "Kuku analia mtini," akasema, "basi kiotani hakuna mwenyewe." Akaja, nya, nya, nya. Akatwaa yai moja, akalipiga jiweni. Ta! Akalila. Akalamba midomo. Akanyoosha mkono kuchukua la pili.

Kishingo hakukumbuka kisu. Hakukumbuka shingo. Alishuka mzima mzima kama fenesi bivu, pu! Mgongoni pa Nguchiro. Akamdonoa pua, akamdonoa sikio.

"Nitakung'ata!" Nguchiro akafoka.

"Ning'ate! Kisu kinaningoja jikoni, wewe utanitisha na nini?"

Bi Mwanakheri akatoka mbio, mwiko mkononi. Pa! Nguchiro akapenya michongomani, hakuaga.

Kishingo akafumba macho. Akanyoosha shingo yake tupu, akangoja. Mikono ikamwinua taratibu. Ikamweka juu ya mayai.

"Wewe nawe una wazimu," Bi Mwanakheri akasema. "Kuku anayeatamia nani humgusa? Kaka yangu ametoka harusini, amekula kuku mpaka amewakinai. Ameagiza muhogo wa nazi. Hebu niache nikamenye." Akarudi jikoni.

Kishingo akafumbua macho. Mjusi yuko pale pale ukutani, ameuelekea mchi wa kinu. Kichwa chini, kichwa juu. Na mchi ulikuwa haujamuuliza kitu.

"Mjusi! Umenidanganya!"

"Mimi?" Mjusi akashangaa kweli. "Mimi sijasema neno tangu asubuhi, dada. Kichwa hiki ndivyo kilivyo, hata baba yangu alikuwa nacho."

Kishingo akaona haya, akaona na uchungu. Akapitisha mdomo chini ya tumbo, akahesabu. Manane. Akahesabu tena. Manane.

Siku ya tatu vifaranga wakatoka, chwi, chwi, chwi. Jogoo akapona kikohozi, akatembea mbele yao kama aliyewapigania. Kishingo akafungua mbawa, akawaita. Wanne wakaingia kulia. Wanne wakaingia kushoto. Wote wakaenea, naye bado hakufunga mbawa, akangoja kidogo.

Wanangu, na ninyi wazazi wao, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini mwenye hofu huuliza akiwa na jibu lake mfukoni, na hapo hata kichwa cha mjusi humtosha kuwa shahidi. Kabla hujakiacha ukipendacho, muulize mwenye kisu.

Hadithi yangu imeishia hapo, nyuma ya kinu. Aliyesinzia mwamsheni, aende akalale.